Wikendi Mjini Évora: Maneno Yaliyovuka Bahari

Wahenga walisema tembea uone. Hivi karibuni nilipata nafasi ya kuhudhuria mkutano wa walimu wa lugha mjini Lisbon, nchini Ureno. Kwa kuwa Jumamosi na Jumapili zilikuwa siku za mapumziko, nilipanda gari la moshi asubuhi nikaelekea mashariki hadi mji wa Évora, umbali wa kilomita 130 hivi. Makala haya hayakusudii kuwasifia wenzangu uzuri wa Ulaya. Nilikwenda kutafuta asili ya neno meza, na nilichokikuta ni kikubwa kuliko neno.

Mji wenye majina matatu

Évora ya kale ni mji mdogo uliozungukwa na kuta, na mwaka 1986 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Warumi waliuita Ebora. Nguzo za hekalu walilolijenga katika karne ya 1 zingali zimesimama, ingawa baadaye hekalu hilo lilizibwa kuta na likawa bucha ya mji hadi mwaka 1836. Waislamu walipouteka mji katika karne ya 8 waliuita Yabura, nao waliutawala kwa zaidi ya miaka 400. Mwaka 1165 ulitekwa na Geraldo, aliyepewa lakabu ya "Asiyeogopa", akamkabidhi mfalme Afonso Henriques. Ujenzi wa kanisa kuu ulianza mwaka 1186. Uwanja mkuu wa mji unaitwa kwa jina la Geraldo hadi leo, na katika nembo ya mji yumo yeye juu ya farasi, na chini yake vichwa viwili vilivyokatwa.

Watawala wakiondoka, maneno yao hubaki. Mkahawani niliwekewa zeituni, na mwenye mkahawa akaziita azeitonas. Sukari yao ni açúcar. Nilipomwambia kwamba natumaini kurudi siku moja, alinijibu "oxalá", neno linalotamkwa "oshala", lenye asili ya Kiarabu na ambalo ni ndugu wa inshallah yetu. Kumbe kabla Vasco da Gama hajafika Mombasa mwezi Aprili 1498, Kireno na Kiswahili vilikwisha kuwa na mjomba mmoja, ila vyenyewe havijajuana.

Mwalimu na watumwa wake

Da Gama mwenyewe aliishi Évora kwa miaka kadhaa mwanzoni mwa karne ya 16, na mtaa mmoja una jina lake. Lakini mtu aliyenishughulisha zaidi siku ile ni mwalimu mwenzetu. Nicolas Clenard alikuwa mwanasarufi kutoka Flanders, mtunzi wa vitabu vya sarufi ya Kigiriki na Kiebrania. Alifika Évora mwaka 1533 kumfundisha mwanamfalme Henrique, yule ambaye baadaye, akiwa Kadinali, alianzisha Chuo Kikuu cha Évora mwaka 1559. Katika barua zake Clenard alieleza mshangao wake kuwakuta Waafrika wengi mno mjini, wote wakiwa watumwa wanaofanya kila kazi.

Mshangao huo haukumzuia kununua watumwa watatu. Aliwafundisha Kilatini kwa mazungumzo, na alipohamia Braga mwaka 1537 aliwaingiza darasani, wakazungumza naye Kilatini mbele ya wanafunzi ili wanafunzi wajifunze kwa kusikiliza na kuona. Wawili kati yao aliwapa majina ya Kilatini yenye maana ya weusi na makaa.

Hapo nilikaa kwenye ngazi za kanisa nikatafakari. Mbinu ile ya kufundisha lugha kwa kuizungumza, badala ya kukaririsha kanuni, ndiyo tunayowahimiza walimu wetu vijana waitumie. Ni mbinu nzuri. Lakini sauti zilizoifanya ifaulu zilikuwa za watu walionunuliwa, na majina yao ya kwao hayakuandikwa.

Neno gereza

Maneno ya Kireno katika Kiswahili tunayajua: meza, bendera, leso, mvinyo, padri, karata, pipa. Kwa kawaida tunayaandika ubaoni, mwanafunzi anayanakili, na somo linakwisha. Hebu tulitazame moja tu. Igreja kwa Kireno ni kanisa. Katika Kiswahili neno hilo limekuwa gereza. Limefikaje huko?

Jibu halimo katika fonolojia. Mwaka 1505 meli za Francisco de Almeida zilishambulia Kilwa na Mombasa. Kuanzia mwaka 1593 Wareno walijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa, na ndani yake mlikuwa na kanisa. Kwa mwenyeji aliyetazama kutoka nje, nyumba ya sala na nyumba ya mizinga zilikuwa ndani ya ukuta mmoja. Neno likawa na maana ya ngome, na ile ngome ya Kilwa Kisiwani huitwa Gereza hadi leo. Wareno waling'olewa Mombasa mwaka 1698, neno likabaki. Na tangu mwaka 1895 hadi 1958 Waingereza waliitumia Ngome ya Yesu kuwa jela.

Wala hili si jambo la watu wa pwani peke yao. Mganda husema emmeeza, na Mnyarwanda husema ameza na gereza, ilhali makao ya Wareno yalikuwa huko pwani. Maneno hayo yametufikia sisi wa bara kupitia Kiswahili, yakiwa yamekwisha kubeba maana waliyoyapa watu wa pwani.

Kazi yetu darasani

Jioni ya Jumapili nilirudi Lisbon. Ninalopendekeza kwa walimu wenzangu na wanafunzi wetu ni dogo. Tunapofundisha maneno ya mkopo, tusiishie kwenye orodha yenye safu mbili. Tuulize kila neno lilikuja na nani, lilikuja kwa biashara au kwa mizinga, na wenyeji walilifanya nini baada ya kulipokea. Mwanafunzi akijua kwamba mababu walilichukua neno la kanisa wakalipa maana ya ngome, kisha likawa jela, atatambua kwamba hawakuwa wapokeaji tu. Walitoa hukumu yao kwa lugha.

Hukumu hiyo tumeirithi, na tunaitamka kila siku. Ya wale watatu wa Clenard hatukuipata, kwa kuwa walichoruhusiwa kusema darasani kilikuwa Kilatini cha bwana wao.