Kelele za umeme katika hedseti za ndege ndogo

Kelele za umeme katika hedseti ni mivumo, miluzi na mikwaruzo anayoisikia rubani masikioni bila kutoka kwa mtu anayezungumza wala kwa ngurumo ya injini. Huzalishwa na vifaa vya umeme vya ndege, au vya abiria, kisha hupenya kwenye mfumo wa sauti. Huchosha masikio, hufunika maneno ya waongozaji wa safari za anga, na mara nyingine huwa dalili ya hitilafu kubwa zaidi. Njia ya uhakika ya kuzitafuta ni kuchunguza kelele inafuata nini kabla ya kubadilisha kifaa chochote.

Njia za kuingia

Njia ya kwanza ni waya. Alteneta, taa na chaja zote hula au kulisha mfumo mmoja wa umeme wa ndege, wa volti 14 au 28, na uchafu wa kifaa kimoja huvifikia vingine. Maikrofoni huathirika mapema kwa sababu hupata umeme wake mdogo kutoka kwenye mfumo huohuo.

Njia ya pili ni hewa. Mawasiliano ya sauti ya ndege hutumia VHF, kuanzia megahezi 118 hadi karibu 137, kwa mtindo wa AM. Katika mtindo huu sauti hubebwa na ukubwa wa wimbi, na cheche yoyote ya karibu huongeza ukubwa huo. Ndiyo maana redio ya ndege hukwaruza pale ambapo redio ya FM ingetulia.

Njia ya tatu ni ethi, yaani njia ambayo umeme hurudi kupitia bodi ya ndege. Waya wa sauti ukigusa bodi ya ndege sehemu mbili, mkondo wa vifaa vingine hupita ndani yake na kusikika kama mvumo.

Kutambua chanzo kwa sauti

Mluzi unaopanda na kushuka pamoja na kasi ya injini hutoka kwenye alteneta. Kifaa hiki hutoa umeme wa awamu tatu unaonyooshwa na dayodi, na mawimbi madogo yanayobaki hudakwa vizuri na sikio. Mluzi ukianza ghafla au kuwa mkali kuliko kawaida, huenda dayodi moja imeungua.

Mtatariko wa haraka unaofuata injini hutoka kwenye magneto. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, kila magneto hutoa cheche 80 kwa sekunde. Kwa kawaida kelele ya cheche hizo huzuiwa na kinga ya waya za plagi za injini na ya waya unaounganisha magneto na swichi. Kinga ikikatika au nati yake ikilegea, redio hunasa kila cheche.

Mlio mwembamba unaopanda kisha kukatika kwa "tap", na kurudia karibu kila sekunde, ni wa taa za kumweka kwenye mabawa: kapasita inajaa, taa inawaka, kisha inajaa tena. Mvumo usiobadilika hata injini ikizimwa mara nyingi hutoka kwenye chaja ya USB, taa za LED au kifaa kingine kinachokatakata umeme kwa kasi. Mngurumo wa vipande vipande unaotokea kabla ya simu kuita ni wa simu ya 2G, ambayo hurusha mawimbi kwa mafungu takriban 217 kwa sekunde.

Hatua za uchunguzi

Uchunguzi hufanyika ndege ikiwa chini, kwa mpangilio huu:

1. Washa betri na redio pekee, injini ikiwa imezimwa. Kelele ikiwepo, alteneta na magneto hazihusiki.
2. Zima simu na uchomoe chaja, kisha washa taa na vifaa kimoja kimoja.
3. Washa injini. Katika Cessna nyingi swichi ya masta ina pande mbili. Zima upande wa alteneta kwa muda mfupi. Mluzi ukikoma, chanzo kimepatikana.
4. Geuza swichi ya magneto kushoto, kisha kulia, usikilize tofauti.
5. Punguza sauti ya redio hadi mwisho. Kelele ikibaki, imeingia kwenye intakomu (mfumo wa kuzungumza ndani ya ndege) au nyaya za hedseti. Ikiondoka, imepita kwenye redio, na kuchomoa antena kutaonyesha kama ilikuja kwa hewa.
6. Jaribu hedseti nyingine na tundu jingine.

Marekebisho

Kazi huanza na vitu rahisi: kusafisha ncha za betri, kukaza mkanda wa ethi kati ya injini na bodi, na kukagua plagi za hedseti. Plagi ya kusikilizia ina kipenyo cha milimita 6.35 na ya maikrofoni milimita 5.23. Matundu yake hutengwa na bodi kwa washa za plastiki. Washa moja ikipasuka, huzaliwa njia ya pili ya ethi. Kinga ya waya wa sauti huungwa upande mmoja tu, na waya huo hupitishwa mbali na nyaya za taa na alteneta. Chujio kwenye waya wa umeme wa redio huja mwisho, kwa kuwa hunyamazisha mluzi huku dayodi mbovu ikiendelea kufa.

Waya wa swichi ya magneto unahitaji tahadhari ya pekee. Ukikatika kabisa, magneto hubaki hai hata ufunguo ukizimwa, na kuizungusha rafadha (propela) kwa mkono kunaweza kuwasha injini na kuua.

Uganda na Kabazana

Nchini Uganda ndege ndogo hutumika katika chuo cha urubani cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 kuhudumia Afrika Mashariki, na katika uwanja wa Kajjansi, kando ya barabara ya Kampala na Entebbe. Kusini-magharibi, kiwanja cha Nyakisharara kiko karibu na Mbarara. Kwenye njia za kurukia za udongo, mtikisiko na vumbi hulegeza viungo vya ethi na kuchafua matundu ya hedseti, kwa hiyo viungo hivyo hukaguliwa kabla ya kununua kifaa kipya.

Nje ya ndege, vyanzo vya kelele vya namna hiyohiyo hupatikana Kabazana, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, na popote watu wanapotegemea sola. Inveta na kidhibiti chaji hukatakata umeme kama chaja ya USB ndani ya ndege, na spika iliyoungwa ethi sehemu mbili huvuma kwa sababu ileile. Redio ndogo ya betri, ikiwekwa kwenye AM mahali pasipo na stesheni na kusogezwa polepole karibu na vifaa, huonyesha mkosaji kwa kukwaruza zaidi. Mafundi wa ndege nao hutumia mbinu hiyo.

Tofauti iko kwenye ruhusa. Mwenye sola husogeza inveta au kufupisha waya mwenyewe. Katika ndege, hata chujio dogo ni badiliko la mfumo: hufungwa au kuidhinishwa na fundi mwenye leseni kwa kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, na kuandikwa katika kumbukumbu za ndege.