Vali ya Ziada na Hesabu ya Vidole

Baragumu lisilo na matundu wala vali, liwe la pembe au la shaba, lina sauti chache tu lilizojaliwa na urefu wake, na mpigaji wake, hata awe bingwa wa pumzi na midomo, hana budi kuridhika nazo. Siwa ya Lamu, kwa fahari yake yote, ilipulizwa kutangaza enzi na arusi, si kufuata wimbo. Mafundi wa Ulaya walitaka zaidi ya hayo, na mwaka 1818 Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel walipata hataza ya vali katika dola ya Prusia, ambayo kwa kubonyezwa kidole iliweza kulirefusha bomba papo hapo.

Tarehe 12 Septemba 1835 Wilhelm Wieprecht, aliyekuwa akiongoza muziki wa kijeshi mjini Berlin, pamoja na fundi Johann Gottfried Moritz, walipata hataza ya ala mpya iitwayo tuba, nayo tangu siku hiyo ya kwanza ilikuwa na vali tano. Kwa nini tano, na hali tatu zatosha kushusha sauti kwa toni tatu kamili?

Jawabu limo katika hesabu. Vali ya kwanza hushusha toni moja, ya pili nusutoni, ya tatu toni moja na nusu, na kipande cha bomba cha kila moja kimepimwa kwa kadiri ya ala ikiwa wazi. Lakini vali moja ikishabonyezwa ala yenyewe imekwisha refuka, ilhali vipande vilivyosalia vimebaki vile vile, na kwa sababu hiyo sauti hutoka juu ya kipimo chake. Katika tuba ya C, yenye bomba la karibu mita 4.9, mtu akibonyeza zote tatu hupungukiwa na takriban sentimita 20, nao si upungufu wa kufichika.

Vali ya nne, ishushayo toni mbili na nusu peke yake, huondoa sehemu kubwa ya dhiki hii: ikitumiwa pamoja na ya pili, upungufu ule hurudi kuwa kama sentimita 10. Ya tano, ambayo katika tuba nyingi za C za leo hushusha toni iliyorefushwa kidogo, yazidi kuupunguza, kwani sauti ile ile ikipigwa kwa ya pili, ya tatu na ya tano hukaribia mahali pake. Na iliyo chini yake kwa nusutoni, ambayo kwa ya kwanza na ya nne hupanda, kwa ya nne na ya tano hutulia. Mwanafunzi aliyekwisha hifadhi mpango wa vali tatu analazimika basi kuvifundisha vidole upya, na kuchagua njia kwa sikio, wala si kwa jedwali, maana tuba mbili za fundi mmoja huweza kutofautiana.

Waingereza hawakuipenda taabu hii. Mwaka 1874 David James Blaikley, wa kiwanda cha Boosey mjini London, alibuni mpango ambao pumzi, vali ya mwisho ikibonyezwa, hurudishwa kupitia vali nyingine na kuokota vipande vya nyongeza. Ni werevu usiokanushika, ila ala huwa nzito na pumzi hupata ukinzani. Mimi nawaona Wajerumani walifanya vyema zaidi kumwachia mpigaji mzigo huo.

Wafaransa nao walishika tuba ndogo ya C yenye vali sita, tatu kwa kila mkono, iliyofika chini kabisa kwa msaada wa vali hizo na juu kwa wepesi wa udogo wake. Mtunzi wao Ravel alipoziandikia okestra “Picha za Maonyesho” za Mussorgsky mwaka 1922, aliipa tuba wimbo wa juu katika sehemu iitwayo “Bydło”. Ala hiyo ya Kifaransa imekwisha achwa na okestra, na wenye tuba kubwa, wafikapo hapo, mara nyingi humwachia mpiga yufoniamu, ala ndogo ya jamii ya tuba.