Huduma ya kidini gerezani: Mkazi wa Kabati aanzie wapi?

Soko la Kabati, Kitui Magharibi, halina gereza. Mkazi wake anayefungwa, au anayeshindwa kulipa dhamana, hupelekwa kwingine, na gereza la karibu ni lile la mjini Kitui. Kwa hivyo yeyote wa Kabati anayetaka kuwa mhudumu wa kidini wa kujitolea miongoni mwa wafungwa ajue mapema kwamba safari zitakuwa nyingi. Barabara ya lami itokayo Kibwezi kupitia Mutomo na Kitui hupita Kabati ikielekea Migwani, lakini nauli ya matatu ataitoa mfukoni mwake. Kazi hii haina mshahara.

Ni vyema kwanza kuwatofautisha watu wawili ambao huchanganywa. Kasisi wa Idara ya Magereza ni afisa aliyeajiriwa, mwenye sare, cheo na mshahara. Mhudumu wa kujitolea ni mgeni aliyeruhusiwa kuingia, na ruhusa hiyo yaweza kuondolewa siku yoyote. Anayesahau tofauti hii hugombana na maafisa kabla ya mwezi kwisha.

Hata hivyo, mfungwa anapoomba kuhudumiwa kiroho haombi hisani. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa dini na imani, na Kifungu cha 51 kinasema kwamba aliyefungwa husalia na haki zake zote, ila zile ambazo haziwezi kabisa kuambatana na hali ya kuzuiliwa. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinaeleza zaidi: mhudumu aliyeidhinishwa aruhusiwe kuendesha ibada na kumtembelea mfungwa wa dini yake faraghani kwa wakati ufaao. Kanuni hizo hizo zinasema kwamba mfungwa akikataa kutembelewa, msimamo wake uheshimiwe kikamilifu. Wahubiri wengi hupenda sehemu ya kwanza na kuisahau ya pili. Mtu aliyefungiwa hana pa kukimbilia akichoshwa na mahubiri.

(Neno gereza lenyewe, wanaisimu hutueleza, lilitokana na igreja, neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Wareno walikuwa na kanisa ndani ya Ngome ya Yesu, Mombasa, na Waingereza wakaitumia ngome hiyo kama gereza kuanzia 1895 hadi 1958.)

Magereza ya Kenya yalijulikana kwa usiri mwingi hadi 2003, Moody Awori alipokuwa waziri aliyeyasimamia, kisha Makamu wa Rais. Sera yake ya milango wazi iliwapa wageni wa kila aina nafasi zaidi ya kuona yaliyomo ndani. Milango hiyo haijafungwa tena, lakini ina walinzi makini.

Maombi huanzia kwa viongozi wa kanisa au msikiti wako. Pata barua rasmi, yenye nembo na sahihi, inayoonyesha kwamba kundi lenu limeandikishwa kisheria na kwamba wewe unajulikana humo. Baada ya mkasa wa Shakahola, Kilifi, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kuanzia 2023, hakuna afisa mwenye busara atakayemfungulia lango mhubiri asiyejulikana atokako. Barua hiyo ielekezwe kwa mkuu wa gereza. Ambatisha nakala ya kitambulisho na, hata usipoitishwa, cheti cha maadili mema cha Idara ya Upelelezi wa Jinai, ambacho huombwa kupitia eCitizen. Kisha umwone kasisi wa gereza, kwa kuwa ndiye ajuaye siku ipi ina nafasi na ni kundi lipi tayari lina ibada. Usiombe Jumapili. Siku hiyo kila mtu huitaka, ilhali Jumatano hakuna anayekuja.

Ukiruhusiwa, simu ibaki nje. Usibebe barua ya mfungwa, pesa zake wala salamu za kificho, hata kama anayekuomba ni mtoto wa jirani yako. Si ukali wa bure. Novemba 2021 wafungwa 3 wa ugaidi walitoroka Gereza la Kamiti, wakanaswa siku chache baadaye humu humu Kaunti ya Kitui, na Kamishna Mkuu wa Magereza akafutwa kazi.

Wengi huwafikiria waliohukumiwa pekee. Wapo pia mahabusu, ambao kesi zao hazijaamuliwa na ambao sheria bado inawahesabu kuwa hawana hatia. Kumwambia mahabusu atubu wizi ambao huenda hakuutenda ni kumhukumu kabla ya hakimu. Msikilize. Naye mfungwa akikwambia anataka kukata rufaa, usimwombee tu: ana siku 14 tangu hukumu ya mahakama ya hakimu kupeleka rufaa yake Mahakama Kuu, na sheria inamruhusu kuikabidhi kwa mkuu wa gereza ili iwasilishwe. Siku hizo huisha upesi kwa asiyejua kusoma.

Sehemu ngumu huja mwishoni, na hapa ndipo mhudumu wa Kabati humzidi mgeni wa kutoka Nairobi. Anaijua njia ya kwenda kwao mfungwa. Anaweza kutangulia nyumbani, akawaona wazazi, mzee wa kijiji na chifu, na kuwauliza waliokosewa wanasemaje. Walioibiwa mbuzi wao hawakuwamo katika ibada ya gerezani, na hawajasamehe kwa sababu tu mwizi amebatizwa. Ziara hiyo ifanywe wiki kadhaa kabla ya mfungwa kuachiliwa. Tarehe iulizwe ofisi ya gereza, isikisiwe, kwani mwenye nidhamu hupunguziwa thuluthi moja ya kifungo, isipokuwa kwa baadhi ya makosa mazito, na huenda akawa barabarani kurudi Kabati mapema kuliko jamaa zake walivyotarajia.