Mifumo ya kufunzia vyuoni kwa mtandao: Upi unamfaa mwanafunzi wa Sultan Hamud?

MFUMO wa kusimamia masomo kwa mtandao ni programu inayomwezesha mhadhiri kuweka maandishi ya somo, kupokea kazi za wanafunzi, kutahini na kutunza alama, hali wanafunzi wako mbali na chuo. Umuhimu wake ulidhihirika nchini Kenya mnamo Machi 2020, vyuo vilipofungwa kutokana na Covid-19. Agosti 2023, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilichoko Konza kilipewa hati, kikiwa chuo cha kufunza kwa mtandao.

Barabara kuu ya Mombasa ikishapita Konza hufika Sultan Hamud, Kaunti ya Makueni. Mwanafunzi aliye huko, au katika kijiji kilicho mbali na lami, huenda akawa na simu tu na bando la kupimwa. Kwake, mfumo bora si ule wenye mapambo mengi, bali ule usiomaliza bando na usiopoteza kazi yake mawimbi yanapokatika.

Moodle ilitolewa mwaka wa 2002 na Martin Dougiamas wa Australia. Ni programu huria: chuo hakilipii leseni na kinaweza kuirekebisha kitakavyo. Programu yake ya simu humruhusu mwanafunzi kupakua somo penye mtandao na kulisoma baadaye bila mtandao. Hata hivyo, rahisi huwa ghali: chuo hulazimika kugharimia seva, umeme na mafundi.

Blackboard ilianzishwa Marekani mwaka wa 1997, na mwaka wa 2006 ikaungana na mshindani wake, WebCT. Ina zana nyingi na mafundi wa kampuni, lakini chuo hulipa ada ya leseni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitumia WebCT na Blackboard kabla ya kuhamia Moodle. Makerere, nchini Uganda, pia hutumia Moodle katika mfumo wake uitwao MUELE.

Canvas, iliyozinduliwa na kampuni ya Instructure mwaka wa 2011, husifiwa kwa wepesi wa kutumia. Kwa kawaida hukaa kwenye seva za kukodi, hivyo chuo huepuka mzigo wa mitambo lakini hulipa kampuni.

Google Classroom ilianza mwaka wa 2014. Chuo kilichosajiliwa katika huduma ya elimu ya Google huitumia bila malipo wala seva yake chenyewe. Inatosha kwa kugawa na kukusanya kazi, ila haina zana nyingi za kutahini kama Moodle. Aidha, taarifa za wanafunzi hukaa kwa kampuni ya nje, jambo ambalo chuo hakina budi kulitazama chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019.

Kwa hivyo, chuo kidogo kisicho na mafundi kinaweza kuanza na Google Classroom. Chenye mafundi na wanafunzi waliotawanyika mashambani kitafaidi zaidi kwa Moodle. Kabla ya kutia sahihi mkataba wowote, wasimamizi wapime mfumo kwa simu ya bei nafuu pale mwanafunzi aliko, wala si kwa tarakilishi ya ofisini Nairobi. Wajue pia iwapo alama na masomo vitaweza kuhamishwa siku chuo kitakapobadilisha mfumo.