Udobi wa nguo za mtoko (Shinyanga na Geita)

Udobi wa nguo za mtoko ni kazi ya kufua, kunyoosha na kuhifadhi suti, vitenge, kanzu na magauni ya harusi. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita adui wa kwanza ni vumbi la kiangazi. Hukung'utwa na kupigwa brashi nguo ikiwa kavu. Likilowanishwa mapema hugeuka tope na kuzama kwenye nyuzi.

Kitenge kipya hulowekwa peke yake kwenye maji baridi, kwani huchuja rangi, kisha huanikwa kivulini. Tangu bomba la Ziwa Victoria lifike miji ya Shinyanga na Kahama mwaka 2009, kusuuza vizuri kumekuwa rahisi kwa kaya zilizounganishwa. Suti ya sufu isilowekwe wala kusokotwa: hunywea na kupoteza umbo. Dobi makini mwenye pasi ya mkaa hupuliza majivu kwanza, huijaribu kwenye kitambaa chakavu, kisha hutandika kitambaa chenye unyevu juu ya koti, maana cheche moja hutoboa poliesta.

Jambo zito kuliko yote ni zebaki. Wachimbaji wadogo huitumia kunasia dhahabu, na nguo za kazini hubaki nayo. Zisichanganywe kamwe na nguo nyingine, hasa za watoto, wala zisipigwe pasi: joto huigeuza mvuke wenye sumu. Zitengewe beseni lake, na maji yake yasimwagwe karibu na kisima wala mto.