Taarifa binafsi za afya

Taarifa binafsi za afya ni habari yoyote kuhusu mwili, akili au matibabu ya mtu, maadamu inawezekana kumtambua mwenyewe. Kipimo cha shinikizo la damu kikiwa peke yake si siri ya yeyote; kikiungana na jina, namba ya simu au picha ya uso, kinakuwa cha mtu fulani na kinastahili kulindwa.

Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataja hali ya afya ya mwili na akili, kumbukumbu za afya ya zamani, ya sasa na ya baadaye, na maelezo yanayochukuliwa mtu anapojiandikisha kupata huduma. Inaongeza jambo ambalo wengi hulisahau: taarifa inayomhusisha mtu na huduma maalumu. Hivyo siri haiko kwenye majibu ya maabara tu. Kadi ya kliniki ya VVU, au ujumbe wa simu wa kukumbusha siku ya kuchukua dawa, huutangaza ugonjwa bila kuutaja. Tanzania nayo, katika sheria yake ya mwaka 2022, imeziweka taarifa za afya kati ya taarifa nyeti.

Hata kabla ya sheria hizo kutungwa, Katiba ya Kenya ya 2010 ilikuwa na neno. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe taarifa za wanafunzi wanaoishi na VVU pamoja na walezi wao. Desemba 2016 Mahakama Kuu ilibatilisha agizo hilo kwa kuwa lilivunja haki ya faragha na halikujali maslahi ya mtoto. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa: kupanga dawa kunahitaji idadi ya watoto, hakuhitaji majina yao.

Kufuta majina nako hakutoshi. Miaka ya 1990 huko Marekani, Latanya Sweeney alichukua rekodi za hospitali za watumishi wa jimbo la Massachusetts, zisizo na majina, akazilinganisha na daftari la wapiga kura kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Akaipata rekodi ya gavana William Weld. Kanuni za faragha za nchi hiyo sasa zinaorodhesha vitambulisho 18 vya kuondolewa, na wenye umri wa miaka 90 na zaidi huwekwa kundi moja. Katika kijiji chenye zahanati moja, umri, jinsia na jina la kitongoji vinatosha kumfichua mgonjwa.