Maji ya Ngarambe na Mafundisho ya Tuliowaamini

Sisi tunaosali Kiranjeranje tunaishi katika wilaya ileile ya Kilwa ambamo Vita vya Maji Maji vilianzia. Wengi wetu tulisikia habari zake mara mbili: kwanza kwa wazee nyumbani, kisha kwa walimu wa dini. Kote kuwili tulifundishwa na watu tuliowaamini, na kote kuwili tulipokea kosa pamoja na kweli. Yafaa tuyapime yote kwa Neno la Mungu.

Tuanze na historia yenyewe. Wajerumani waliwalazimisha watu wa pande hizi kulima pamba. Malipo yalikuwa duni, viboko vilikuwa vingi, na juu yake kulikuwa na kodi. Mwaka 1904 akatokea Kinjikitile Ngwale huko Ngarambe. Ilisimuliwa kwamba alizama mtoni, akatoka siku iliyofuata nguo zake zikiwa kavu. Aligawa maji ya dawa na kufundisha kwamba risasi za wazungu zitageuka kuwa maji. Watu wakaenda kwake makundi kwa makundi. Julai 1905, watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, wakang'oa pamba, na vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro, lakini habari ya maji ilikuwa imekwisha kusambaa. Tarehe 30 Agosti, huko Mahenge, mamia ya watu walianguka mbele ya bunduki za rashasha.

Kwa nini waliamini? Si kwa sababu walikuwa wajinga. Waliamini kwa sababu walikuwa wanaonewa, na aliyewaahidi ukombozi alikuwa mtu wao. Biblia inatuonyesha jambo kama hilo katika Yeremia 28. Hanania, nabii aliyesimama katika nyumba ya Bwana, aliahidi kwamba nira ya Babeli itavunjwa ndani ya miaka miwili. Yeremia alijibu kwanza kwa kusema Amina, kwa kuwa yeye pia alitamani iwe hivyo. Lakini hakuishia hapo. Alikumbusha kwamba nabii hujulikana neno lake linapotimia, na baadaye akamwambia Hanania wazi kwamba Bwana hakumtuma. Hapa tunajifunza kwamba uongo huingia kwa wepesi pale unapoahidi jambo ambalo ni haki yetu kulitamani.

Sasa tugeukie fundisho la pili. Serikali ya Gavana Götzen ilipenda kueleza vita hivyo kuwa kazi ya waganga na ushirikina. Wamisionari nao walikuwa na majonzi yao: Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa Agosti 1905 wakiwa njiani upande wa Liwale. Damu ile ilimwagwa bila haki, nasi hatuitetei. Lakini kutokana na hayo wengi wetu tulikuja kufundishwa kwamba babu zetu walidanganywa na shetani tu, na kwamba kuitii serikali ile kulikuwa kumtii Mungu. Tukilipima fundisho hilo kwa Yakobo 5:4, tunaona jambo jingine. Mtume anasema kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji hulia, na kilio chao humfikia Bwana wa majeshi. Mashamba ya pamba yalikuwa yanalia kabla Kinjikitile hajafungua kinywa. Tena, waliochoma vijiji na maghala ya nafaka mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi walikuwa chini ya maofisa waliotoka katika nchi ya Kikristo. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kuwa kati ya 75,000 na 300,000.

Basi maji yalikuwa kosa, lakini malalamiko yalikuwa ya kweli. Pia ilikuwa kweli kwamba Wamatumbi, Wangindo, Wamwera na Wangoni wangeweza kusimama pamoja. Paulo anawaambia Wathesalonike wajaribu mambo yote na kushika lililo jema. Hakuwaambia watupe yote, wala wameze yote.

Tusidhani kwamba jambo hili liliisha mwaka 1907. Mwaka 2011 maelfu ya Watanzania walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Aliyekitoa alikuwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, si mganga wa porini. Wapo waliokuwa na virusi vya UKIMWI walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Hawakuwa wajinga nao. Walikuwa wagonjwa, na aliyewaahidi uponyaji alikuwa mtumishi wa Kanisa.

Kuna wanaoogopa kwamba kumpima mzee au mchungaji ni kumvunjia heshima. Matendo 17:11 inatuondolea hofu hiyo. Watu wa Beroya waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyoyasema Paulo ndivyo yalivyo, nao wanasifiwa kwa kufanya hivyo. Sisi nasi tufanye vivyo hivyo, hasa tunapoahidiwa lile tunalolitamani sana. Tumsikilize mzee kwa adabu, tumshukuru, kisha twende nyumbani tufungue Biblia. Na watoto wetu watakapotuuliza juu ya haya tunayowafundisha leo, tusiwakemee. Tukae nao tusome pamoja.